Upofu wa ubongo

Upofu wa ubongo ni hali ya kutoona inayosababishwa na madhara kwenye sehemu za ubongo zinazoshughulikia uoni, ilhali macho yenyewe ni mazima. Retina hugeuza mwanga kuwa ishara za umeme, ambazo hupita kwenye neva za macho na thalamasi hadi gamba la ubongo lililo kisogoni. Nusu ya kulia ya ubongo hupokea upande wa kushoto wa mandhari, na ya kushoto upande wa kulia. Kwa hiyo jeraha la upande mmoja hufuta nusu ya mandhari kwa macho yote mawili.

Sababu zake ni pamoja na kiharusi, ajali, kukosa oksijeni wakati wa kuzaliwa na malaria ya ubongo. Malaria hiyo hushambulia zaidi watoto wadogo. Dalili kuu ya upofu huo ni mtoto kutofuata kitu kwa macho ingawa mboni zake hunywea mwangani. Watoto wengi waliougua malaria hiyo hurejewa na uoni baada ya wiki au miezi. Chandarua na matibabu ya mapema huokoa uhai na uoni. Kila mtoto aliyenusurika anastahili kupimwa macho.