Jina Moja, Hesabu Mbili

Anayeteremka kutoka Kamembe mjini hadi mpaka wa Rusizi ya Kwanza hubeba kitambulisho mkononi. Kadi ya Rwanda ina mstari mmoja tu wa majina, Amazina, na namba yenye tarakimu 16. Ng'ambo ya daraja, Bukavu, kadi ya mpiga kura ina mistari mitatu: nom, postnom, prénom. Hiyo postnom ni urithi wa Mobutu, aliyewaamuru Wazaire mwaka 1972 waache majina ya ubatizo na kushika ya mababu. Upande wa Rwanda, ndugu wa tumbo moja wanaweza wasichangie jina lolote. Kila mtoto anapozaliwa hupewa lake.

Askari wa mpakani hilo halimsumbui, maana anatazama picha, kisha anatazama sura. Kasheshe huanza mwenye kadi akiwa msomi wa kompyuta. Akishachapisha makala zake, kuna mashine mahali fulani itakayotaka kujua ukoo wake ni upi, na kwa jina hilo itampimia uzito wa kazi yake yote.

Mazoea haya ya kupima yalianzia kwa mawakili. Mwaka 1873, huko Illinois, Marekani, Frank Shepard alianza kuuza vipande vya karatasi vyenye gundi. Wakili alikibandika kipande pembeni mwa hukumu kwenye kitabu chake, akajua ni kesi zipi za baadaye zimeitegemea hukumu ile na zipi zimeitupa. Eugene Garfield wa Philadelphia aliuona mtindo huo, akauliza kwa nini wanasayansi wasiwe nao. Aliandika hoja yake katika jarida la Science mwaka 1955, na mwaka 1963 akatoa faharasa ya kwanza: majarida 613, marejeo milioni 1.4. Nia yake ya awali ilikuwa kumsaidia mtafiti kutafuta, yaani kuanzia makala moja ya zamani na kuona nani aliifuata. Lakini kitu kikishahesabika, wakuu wa vyuo hawakawii kukipeleka kwenye kikao cha kupandisha vyeo.

Faharasa ile ilimwandika mtu kwa jina la ukoo na herufi za mwanzo za majina mengine. Kwa Mmarekani hiyo inatosha kiasi. Kwa Mnyarwanda ni bahati nasibu.

Hesabu yenyewe ilipata sura yake ya leo mwaka 2005, Jorge Hirsch, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, alipopendekeza kipimo cha h. Panga makala za mtu kuanzia iliyonukuliwa zaidi. Tuseme zimenukuliwa mara 25, 14, 9, 5, 5 na 2. Makala tano zimefikia angalau nukuu tano kila moja, basi h yake ni 5. Sasa chukua mtu huyohuyo, makala zilezile, ila nusu zimeandikwa chini ya jina lake moja na nusu chini ya jingine. Faili moja linabaki na 25, 9 na 5, na h ni 3. La pili lina 14, 5 na 2, na h ni 2. Wamezaliwa wasomi wawili wadogo, na hakuna aliyekosea hesabu.

Usidhani huo ni mfano wa darasani tu. Mwaka 2020, mkutano wa COLING ulichapisha KINNEWS na KIRNEWS, hazina za habari za Kinyarwanda na Kirundi za kuifunzia kompyuta kutambua mada. Mwandishi wa kwanza ameandikwa Rubungo Andre Niyongabo. Miaka miwili baadaye, katika mkutano wa ACL, ilitoka KinyaBERT, modeli ya lugha inayokichambua kitenzi cha Kinyarwanda kiambishi kwa kiambishi. Waandishi ni Antoine Nzeyimana na Andre Niyongabo Rubungo. Majina matatu yaleyale, mpangilio mwingine. Anayenukuu kwa neno la mwisho ataandika Niyongabo hapa, Rubungo pale.

Zote mbili ni makala za mikutano, na hapo pana tatizo jingine la fani hii. Wanakompyuta hupeleka kazi zao bora kwenye mikutano, ilhali faharasa ya Garfield ilijengwa juu ya majarida. Mwaka 1999 wanakompyuta Patterson, Snyder na Ullman waliandika waraka kuwaeleza wakuu wa vyuo vya Marekani kwamba makala ya mkutano mkubwa si kazi ya daraja la pili. Wenye fani walikuwa tayari wamejitengenezea daftari lao: mwaka 1993 Michael Ley alianzisha DBLP katika Chuo Kikuu cha Trier, Ujerumani, na mikutano ikaorodheshwa bega kwa bega na majarida. DBLP waligongana na majina yanayofanana, hasa ya Wachina, wakaamua kuyapachika namba kama 0001 na 0002 mwishoni ili kuwatenganisha wenye jina moja. Google Scholar, iliyoanza 2004, baadaye ilimpa mwandishi ukurasa wake na kumwachia kazi ya kuziunganisha makala zake kwa mkono. Mimi naona huo ni uungwana zaidi, ingawa unampendelea mwenye bando na muda.

Oktoba 2012 ikaja ORCID, namba ya kudumu ya mtafiti. Nayo ina nafasi 16, kama kitambulisho cha Rwanda, ila mara nyingine ya mwisho huwa herufi X. Kuipata ni bure. Fomu inaanza kwa kuuliza jina ulilopewa, na hilo lazima ulijaze. Kisha linakuja sanduku la jina la ukoo, na pembeni yake pameandikwa kwamba si lazima.