Kati ya Hongo na Fitina: Tuhuma za Rushwa Dhidi ya Watumishi wa Serikali ya Kikoloni, Thika na Jirani Zake

Jina Makongeni halihitaji mfasiri. Ni mahali penye makonge, na mjini Thika jina hilo limebakia hata baada ya nyumba kuchukua nafasi ya mmea wenyewe. Mkonge uliingizwa Afrika Mashariki mwaka 1893 kwa njia ya Tanganyika ya Wajerumani, na kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ulikwisha kupandwa na walowezi katika nyanda za Thika, ambako reli kutoka Nairobi ilifika mwaka 1913. Kukata mkonge ni kazi ya mikono mingi, na mikono hiyo haikujileta yenyewe. Iliombwa kwa chifu. Baina ya mlowezi mwenye haja na chifu mwenye amri palikuwa na wakala wa kuajiri, na wakala hakuja mikono mitupu.

Katika makala haya tunakusudia kuchunguza jinsi serikali ya kikoloni ilivyozishughulikia tuhuma za namna hii. Imezoeleka kusemwa kwamba wakoloni waliyafumbia macho maovu ya machifu kwa kuwa hawakuyajua, au kwa kuwa hapakuwa na sheria ya kuwashika. Yote mawili si kweli. Sheria ilikuwako, habari zilikuwako, na lugha ya kuzieleza ilikuwako pia. Lililoamua hatima ya mashtaka, kwa maoni yetu, ni neno lililoandikwa katika jalada: je, mlalamikaji amesema habari za hongo, au ameleta fitina?

Tuanze na maneno yenyewe, kwani historia yao ina mafunzo. Hongo, katika karne ya kumi na tisa, haikuwa siri wala aibu. Ilikuwa ushuru wa njia. Misafara iliyotoka pwani kuelekea bara ilitoa nguo, shanga na nyaya kwa watawala ambao nchi zao ilizipita, na wasafiri wa Kizungu walinung'unika sana juu ya hongo ya Ugogo. Ulikuwa ni mzigo, naam, lakini ulitozwa hadharani na mwenye nchi. Utawala wa kikoloni ulipoondoa haki ya watawala hao kutoza, neno halikufa; lilihamia gizani, likawa jina la kile apewacho mtumishi wa serikali ili atende ambalo angepaswa kulitenda bure, au asitende kabisa. Rushwa, neno lenye asili ya Kiarabu, lilikuwa na maana hiyo tangu mwanzo. Methali isemayo penye udhia penyeza rupia imebeba fedha iliyotumika Kenya hadi mwaka 1920, na kitenzi chake, kupenyeza, chaonyesha wazi kwamba mlango ulikuwa umefungwa. Nao Wagikuyu husema ihaki, jina linalohusiana na kitenzi kuhaka, yaani kupaka. Mkono mkavu hautendi.

Kuhusu sheria, jambo ni jepesi. Kanuni ya Adhabu ya India, iliyotumika Kenya hadi 1930, ilikataza mtumishi wa serikali kupokea chochote zaidi ya ujira wake halali. Tatizo lilikuwa katika huo ujira. Chini ya sheria ya wakuu wa vijiji ya 1902, na hata ile ya mamlaka ya wenyeji ya 1912, chifu alipewa kazi za kukusanya kodi, kutengeneza barabara na kutuliza watu. Lakini mwanzoni hakuwa na mshahara wa kudumu wa kumtosha, na wafuasi wake walikula kwa raia. Katika nchi ya Wagikuyu wafuasi hao waliitwa njama. Msomaji wa Kiswahili atashtuka, nasi tulishtuka. Kwa Kigikuyu njama ilikuwa baraza, hasa baraza la vita. Ilipogeuka kuwa kundi la watumishi wa chifu wanaochukua mbuzi wa mtu, maana yake ilisogea karibu sana na njama ya Waswahili.

Tume ya Kazi za Wenyeji ya 1912 na 1913 iliyasikia haya kutoka kwa mashahidi, Wazungu kwa Waafrika: machifu kupewa zawadi na mawakala, vijana kupelekwa mashambani kwa nguvu, na mwenye mali kujikomboa kwa kutoa mali. Matokeo yake yastahili kutazamwa kwa makini. Tume iliyosikia kwamba mwajiriwa anauzwa ilipendekeza mwajiriwa huyo aandikishwe. Sheria ya kuwaandikisha ilipitishwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya vita, na kipande kikaning'inia shingoni mwa mfanyakazi. Aliyepokea zawadi hakuning'inizwa kitu.

Mwaka 1919 Gavana Northey alikwenda mbali zaidi. Waraka wake wa Oktoba mwaka huo uliwataka maofisa wawahimize machifu watoe vibarua, na wakuu wa wilaya waweke orodha ya machifu wanaosaidia na wasiosaidia. Kuanzia hapo chifu aliyelalamikiwa kwa kuwatoza watu alikuwa na kinga moja kubwa, nayo ni jina lake kuwamo katika orodha njema. Waraka ulizua kelele hadi Uingereza, ambako Askofu Frank Weston wa Zanzibar aliupinga vikali, na mwaka 1921 Churchill, aliyekuwa Waziri wa Makoloni, aliwakataza maofisa kuwaajiria watu binafsi vibarua. Hata hivyo orodha ya akilini haifutwi kwa waraka.

Hapa hatuna budi kusimama kwenye neno fitina. Maofisa wa Kiingereza waliliazima na kulitumia katika Kiingereza chao bila kulifasiri, kama walivyofanya kwa shauri na baraza. Kwa Mswahili, fitina ni kuwagombanisha watu kwa maneno ya chini chini. Mfitini ni mwongo au angalau mwenye nia mbaya. Kwa ofisa, neno lilipanuka likameza kila lalamiko la raia dhidi ya mkubwa wake. Na tufikirie njia iliyopitwa na lalamiko lenyewe. Mkulima asiyejua Kiswahili alimweleza mkalimani kwa Kigikuyu. Mkalimani akamwambia mkuu wa wilaya kwa Kiswahili, ambacho ofisa alikuwa amefanyia mtihani. Ofisa akaandika kwa Kiingereza. Kabla ya hapo mkulima alikwisha kupita kwa askari na kwa karani, na kila mmoja alikuwa na mlango wake wa kupenyezewa rupia. Kisha chifu aliitwa ajibu, naye alijibu moja kwa moja. Si ajabu kwamba kati ya ihaki ya mkulima na fitina ya jalada palipotea mambo mengi.

Harry Thuku alijaribu kuikwepa njia hiyo kwa kusema mikutanoni. Mwaka 1921 na 1922, pamoja na kupinga kipande na kodi, aliwashtaki machifu hadharani kwa kuwatumikisha wasichana na wanawake kwa nguvu. Alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye askari waliwapiga risasi watu waliokusanyika kumdai, na hesabu ya serikali yenyewe ilikuwa watu 21 waliokufa. Thuku alipelekwa Kismayu bila kuhukumiwa na mahakama yoyote, akakaa uhamishoni karibu miaka tisa. Machifu aliowataja hawakufanyiwa uchunguzi wa wazi.

Tuliyoyaeleza hadi sasa huenda yakachukuliwa kuwa ni uzembe wa siku za mwanzo. Mwaka 1955 waondoa dhana hiyo. Wakati wa Hali ya Hatari machifu na homugadi walipewa silaha na vituo vya ulinzi, na katika vituo hivyo fedha zilitozwa kwa mateso. Desemba 1954 Jaji Cram alitoa hukumu kali juu ya kituo cha Ruthagathi, Nyeri, ambako watu walishikiliwa, wakateswa na kudaiwa fedha. Mwezi huo huo Kanali Arthur Young, Kamishna wa Polisi aliyetaka wapelelezi wake wawe huru kuwachunguza hata walio upande wa serikali, alijiuzulu; taarifa yake kamili haikuchapishwa. Tarehe 18 Januari 1955 Gavana Baring alitangaza msamaha: makosa yaliyotendwa na homugadi kabla ya siku hiyo yasishtakiwe. Msamaha uliwahusu pia wapiganaji wa msituni watakaojisalimisha, lakini mizani haikuwa sawa, kwani mpiganaji aliyejisalimisha aliingia kizuizini, na mtozaji alibakia na kiti chake.

Mwisho wa mwaka uo huo, Nairobi, palitokea tuhuma za rushwa katika Halmashauri ya Jiji, hasa katika kandarasi za ujenzi, zikiwamo za nyumba za Waafrika. Safari hii serikali haikusema fitina. Iliunda tume chini ya Sir Alan Rose, aliyepata kuwa Jaji Mkuu wa Ceylon. Mashahidi waliapishwa, vitabu vya hesabu vilikaguliwa, ripoti ikatolewa 1956, na mwaka huo huo ikapitishwa sheria ya kuzuia rushwa iliyodumu hadi 2003. Hatuidharau tume hiyo. Kazi yake ilikuwa nzuri. Ila tofauti haikuwa ya ushahidi. Ruthagathi palikuwa na ushahidi uliokwisha kupimwa na jaji. Tofauti ilikuwa kwamba fedha za jiji zilikuwa za walipa kodi wenye sauti, ambapo chifu alikuwa nguzo ya vita ambavyo havijaisha. Kumng'oa ilikuwa kuitikisa nyumba.

Gharama ya uamuzi huo ilionekana katika ardhi. Machifu na wazee wale wale walisimamia kuunganishwa kwa mashamba, wakati maelfu ya wenye haki walikuwa kizuizini na hawakuweza kuonyesha mipaka yao. Mwaka 1957 sheria ilisimamisha kesi za ardhi katika mahakama za Waafrika za mkoa huo. Fort Hall, ng'ambo tu ya Thika, kazi ilifanywa kwa haraka na kwa upendeleo kiasi kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1960 sehemu kubwa ilibidi ipimwe upya. Upimaji huo wa pili uliamriwa na maofisa wenyewe. Mkulima aliyeporwa hakuwa na mahakama ya kuuombea, na waliorudi kutoka kizuizini wakakuta mashamba yao yana majina ya wengine walikwenda kutafuta vibarua mijini na katika mashamba ya walowezi, yakiwamo yale ya makonge.