Tundu la Ushanga: Kutoka Ujiji hadi Mrija wa Fedha

Katika vitabu vingi vya historia tulivyosoma shuleni, ushanga hutajwa mara moja tu, na karibu kila mara katika sentensi ile ile: wafanyabiashara walileta nguo, bunduki na shanga, wakaondoka na pembe za ndovu na watumwa. Mwanafunzi akifunga kitabu hubaki na picha moja kichwani, kwamba wazee wetu walidanganywa kwa vipande vya kioo vinavyong'aa. Insha hii inautazama ushanga kutoka upande ambao hautazamwi sana, yaani tunduni. Nitaanza na mafundi wa siku hizi wanaotia mrija wa fedha ndani ya ushanga wa kioo, kisha nitarudi nyuma hadi Venice na Ujiji. Hoja yangu ni kwamba tatizo linalotatuliwa na mrija huo ni la zamani sana, na kwamba tukiuliza nani alilitatua katika kila zama, tunawaona watu ambao vitabu vyetu vimewasahau.

Kwanza tuielewe kazi yenyewe. Ushanga wa mkono hutengenezwa kwa kuyeyusha ufito wa kioo kwenye mwali wa gesi na kuuzungushia kioo hicho kijiti cha chuma. Kijiti hupakwa kwanza uji wa udongo mweupe uliokaushwa, ili kioo kisigande. Ushanga ukishapata umbo, hupozwa polepole ndani ya tanuri, kwa sababu kioo kikipoa haraka hupasuka chenyewe. Baadaye kijiti huchomolewa, na mahali kilipokuwa hubaki tundu. Tundu hilo lina kasoro mbili. Ndani yake hubaki unga wa udongo unaochafua uzi, na kingo zake zinaweza kuwa kali kiasi cha kuukata.

Hapo ndipo mrija wa fedha unapoingia. Fundi husafisha tundu kwa tupa yenye chembe za almasi, akiilowesha maji ili kioo kisipate joto. Kisha hukata mrija mwembamba wa fedha, mrefu kidogo kuliko ushanga, na kuupitisha ndani. Ncha mbili zinazobaki nje hupanuliwa kwa chuma chenye kichwa cha mviringo, zikakunjwa juu ya midomo ya tundu kama ribiti. Akigonga kidogo mno, mrija hucheza. Akigonga kupita kiasi, ushanga hupata ufa na kazi yote ya motoni imepotea.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini mrija hautiwi tangu mwanzo, kioo kikiwa bado cha moto. Jibu limo katika tabia ya vitu hivi viwili. Fedha safi huyeyuka kwenye nyuzi 961 za Selsiasi, na ile ya masonara inayoitwa 925, yaani sehemu 925 za fedha katika kila 1000, zinazobaki zikiwa kwa kawaida shaba, huanza kuyeyuka kabla ya hapo. Zaidi ya hayo, fedha ikipoa husinyaa karibu mara mbili ya kioo laini kinachotumiwa na mafundi hawa. Vikipoa pamoja, mrija utalegea au kioo kitapasuka. Kwa hiyo ndoa ya kioo na fedha hufungwa baridi, kwa mkono wenye subira.

Kazi hii imejulikana zaidi katika miongo ya karibuni kwa sababu ya mtindo wa bangili zinazopambwa kwa shanga za kubadilishwa. Kampuni ya Pandora, iliyoanzishwa Copenhagen mwaka 1982, ilianza kuuza bangili za namna hiyo mwaka 2000. Shanga hizo hupita juu ya mkufu mnene wa fedha, kwa hiyo tundu lake ni pana, na bila kitu cha kulilinda kioo kingesuguana na chuma siku nzima. Lakini kuweka fedha ndani ya ushanga si jambo lililozuliwa jana. Watengenezaji wa shanga ndogo huko Bohemia, katika nchi ya Ucheki ya leo, walipaka fedha nyembamba ndani ya matundu ili mwanga ukiingia urudi na rangi ing'ae. Fedha yao ilikuwa ya kupendeza macho. Mrija wa leo hupendeza pia, lakini kazi yake kubwa ni kulinda.

Sasa turudi nyuma. Shanga nyingi ndogo zilizofika Afrika Mashariki katika karne ya 19 zilitoka Venice, na hazikuzungushwa kwenye kijiti moja moja. Fundi alichukua donge la kioo cha moto lenye uwazi katikati, na watu wawili wakalivuta kuelekea pande mbili, wakitembea haraka kabla halijapoa, hadi likawa mrija mrefu mwembamba wa kioo. Mrija huo ulikatwa vipande vidogo sana. Kila kipande kilikuwa na kingo kali pande zote mbili, ndilo tatizo lile lile la uzi. Wavenice walilitatua kwa moto: matundu yalijazwa unga wa chokaa na mkaa ili yasizibe, kisha vipande vikakorogwa ndani ya chombo cha moto hadi kingo zikayeyuka na kuwa mviringo.

Halafu zilikuja kwa wanawake. Mjini Venice waliitwa impiraresse, watunga shanga. Walikaa milangoni mwa nyumba zao, mkononi wameshika sindano nyingi ndefu zilizotandazwa kama kipepeo cha jikoni, wakazichovya katika sinia la mbao lililojaa shanga hadi sindano zikajaa. Walilipwa kwa kipande, tena ujira mdogo sana, na mwaka 1904 waligoma. Majina ya wenye viwanda vya kioo yameandikwa. Majina ya wanawake hao kwa sehemu kubwa hayakuandikwa, ingawa karibu kila kete iliyosafiri ilipita mikononi mwao au mwa wenzao.

Unguja shanga ziliuzwa kwa frasila, kama pembe au karafuu. Lakini barani hakuna aliyelipwa kwa frasila ya shanga zilizomwagika. Kipimo kilikuwa kete, yaani uzi mmoja wa shanga uliopimwa kwa mkono, na kete 10 zilifanya fundo 1. Burton na Speke, waliofika Ujiji Februari 1858, waliyakuta maneno haya yakitumika njia nzima. Neno fundo lenyewe linatuambia jambo: fedha ya misafara ilikuwa kitu kilichofungwa. Ushanga usio na uzi haukuwa pesa. Uzi ukikatika njiani kwa sababu ya tundu kali, mali ilimwagika mchangani.

Tena watu wa bara hawakupokea chochote walicholetewa. Stanley, aliyefika Ujiji mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, aliandika jinsi alivyohangaika Unguja kabla ya safari kujua shanga zipi achukue. Nyeusi zilikubaliwa Ugogo, kwingine zikakataliwa. Zile kubwa kama yai, zilizoitwa sungomaji, zilikuwa na thamani Ujiji na ng'ambo ya ziwa, lakini mahali pengine hakuna aliyezitaka. Mfanyabiashara aliyekosea rangi alibeba mzigo bure kwa miezi kadhaa. Hapa picha ya mzee aliyedanganywa inaanza kupasuka. Anayedanganywa kwa kioo hachagui rangi, ukubwa na umbo, wala hamrudishi mgeni na mzigo wake.

Hata hivyo tusikimbilie kufurahi. Ukweli kwamba watu wetu walijua kuchagua hauioshi biashara ile. Ujiji ilikuwa pia soko la watumwa, na fundo zile zile zilinunua watu. Sisi tuliozaliwa upande wa Burundi wa ziwa hatuwezi kulisema hili kama jambo la mbali, kwa sababu hata Kiswahili tunachozungumza Buyenzi kilifika ziwani kwa njia zile zile za misafara. Mwanahistoria hana budi kushika mambo mawili kwa pamoja: kwamba ushanga ulikuwa na thamani ya kweli kwa walioupokea, na kwamba thamani hiyo ilitumika kulipia uovu. Kusema ulikuwa takataka ni kuwadharau wanunuzi. Kusema ulikuwa pambo tu ni kuwasahau waliouzwa.

Kwa Kirundi shanga huitwa amasaro, na kazi ya kuzitunga haijakufa. Bibi yangu mzaa mama huzipitisha nta ya nyuki kwenye uzi kabla ya kuanza, na kila ushanga huupima kwanza kwa ncha ya kidole. Ukimkwaruza, huutupa. Hajapata kuona mrija wa fedha, lakini anaijua sababu yake barabara.

Nikilinganisha zama hizi, naona tatizo moja na majibu manne: moto wa Venice, vidole vya impiraresse, nta ya watungaji wa kwetu, na fedha ya sonara wa leo. Tofauti kubwa haiko katika ufundi bali katika malipo. Mrija wa fedha unaonekana, una alama ya 925, na mnunuzi anakubali kuulipia. Nta haionekani, kwa hiyo haina bei. Ushanga wenye moyo wa fedha huwekwa katika kisanduku cha sonara, na ule uliotungwa kwa nta huuzwa kwenye mkeka sokoni kwa bei ya kubembelezana, ingawa yote miwili imelindwa na mtu aliyejua kioo hufanya nini kwa uzi.

Kwa hiyo napendekeza tuifundishe historia ya ushanga kwa namna nyingine. Pamoja na kuuliza ulibadilishwa na nini, tuulize ulitungwa na nani, kwa uzi gani, na nani aliukataa. Makumbusho huonyesha shanga zilizosafishwa na kupangwa kwa rangi, mara nyingi bila uzi wake, kwa kuwa uzi huoza na kioo hubaki. Lakini tundu bado lipo, na katika tundu ndipo mikono ya watu ilipopita.