Kobe wa Mwiko, Kisiwa cha Mswala

Kusini mwa Madagaska, mtu wa kabila la Antandroy akikutana na kobe mwenye gamba la miale njiani, hamgusi. Si huruma. Ni fady, mwiko waliouacha wahenga, na auvunjaye hujitafutia balaa yeye na ukoo wake. Majirani zao Wamahafali nao wana mwiko huohuo. Kobe huyu kwa asili hapatikani kwingine duniani, na kwa vizazi vingi hakuhitaji askari wa wanyamapori.

Ila fady humfunga mwenyewe tu. Anayehamia kutoka pengine hana deni na mizimu ya watu. Kwake kobe ni kitoweo. Kwa mlanguzi ni dola. Aprili 2018, ndani ya nyumba moja mjini Toliara, walikutwa kobe hai wapatao 10,000, wamerundikwa hadi pa kukanyaga hapana.

Sasa tuvuke hadi Misali, kisiwa kilicho magharibi ya Pemba. Husimuliwa kwamba Nabii Khidhri alifika hapo, akaomba mswala, ukakosekana; akasema kisiwa chenyewe ndicho kitakuwa mswala wake, kwa kuwa kimeelekea kibla. Wavuvi hupiga dago, yaani kambi, hapo, na heshima ya hadithi hiyo wanayo. Kisiwa kilipofanywa hifadhi mwaka 1998, haikuchukua muda masheikh wakaombwa kuongeza neno: binadamu ni khalifa, bahari ni amana. Hapa ndipo Misali inapoipita fady, maana msikiti haumuulizi mtu ukoo wake. Mvuvi wa Wete na wa Mkoani wanasikia khutba moja.

Hata hivyo, ningeambiwa nimlinde mnyama mmoja tu, ningeshika fady. Hofu ya mizimu haibishaniwi. Khutba hushindana na sufuria tupu nyumbani. Mvuvi wa baruti aya anaijua, pengine kunishinda mimi.

Mila zote mbili zinauzuia mkono: usiguse, usiue, usiharibu. Zinamtaka mkosaji awe karibu, aogope au aone haya. Lakini mwaka uleule wa 1998 bahari ilipata joto lisilo la kawaida na matumbawe ya Misali yakapauka, mengi yakafa. Hakuna mvuvi wa dago aliyeyagusa.