Nasaba za Wapolandi wa Tengeru na Njia ya Kuzitafuta

Mtu atokaye Makumira kwenda Arusha kwa barabara kuu ya Moshi hufika Tengeru kabla safari haijamchosha. Wengi wapitao hapo hulijua soko lake. Wachache hujua kwamba si mbali na soko hilo, katika upande wa Ziwa Duluti, pana makaburi yapatayo 150 yaliyozungushiwa ukuta, na kwamba maandishi yaliyo juu yake si ya Kiswahili, wala ya Kiingereza, wala ya Kijerumani. Ni ya Kipolandi. Jiwe hutaja jina la marehemu, mwaka wa kuzaliwa na mwaka wa kufa. Aghalabu halitaji alikuwa mtoto wa nani, wala alifuatana na nani alipofika chini ya Mlima Meru.

Makala haya hayakusudii kusimulia upya habari zote za kambi ya Wapolandi iliyokuwa Tengeru, maana zimekwisha andikwa na wengine. Kusudi lake ni jembamba zaidi: kueleza jinsi wazao wa watu wale, ambao leo wako Uskoti, Kanada, Australia na kwingineko, wanavyoweza kuunga tena nasaba zilizokatika, na kwa nini kazi hiyo haimwezekani mtu aliye peke yake.

Kwanza yafaa ielezwe kwa ufupi walikujaje. Tarehe 17 Septemba, 1939, jeshi la Urusi ya Kisovyeti liliingia Polandi kutoka mashariki, siku kumi na sita baada ya Wajerumani kuingia kutoka magharibi. Tangu Februari 1940 mpaka Juni 1941 familia nyingi za upande ule wa mashariki zilikamatwa na kupelekwa Siberia, Kazakhstan na mahali pengine pa baridi kali. Ujerumani ilipoishambulia Urusi, mambo yaligeuka: mapatano ya tarehe 30 Julai, 1941, kati ya Jenerali Władysław Sikorski na balozi Ivan Maisky yaliwafungulia wafungwa hao. Mwaka 1942 wanajeshi na raia walivuka Bahari ya Kaspi mpaka Pahlevi katika Uajemi. Wanaume wenye nguvu waliingia katika jeshi la Jenerali Anders. Wanawake, watoto na wazee walitawanywa, wengine Bara Hindi, wengine Afrika. Takriban watu 18,000 walipokewa katika Afrika ya mashariki, ya kati na ya kusini. Palikuwa na kambi Masindi na Koja katika Uganda, na katika Tanganyika palikuwa na Kondoa, Ifunda, Kidugala na Morogoro. Lakini Tengeru, yenye watu wapatao 5,000, ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote. Walijengewa nyumba za mviringo zilizoezekwa kwa majani, wakawa na shule, kanisa, hospitali, karakana na mashamba yao.

Tuje sasa kwenye majina, kwa kuwa hapo ndipo penye ugumu, na hapo ndipo msomi wa lugha anapoweza kuwa na msaada kuliko mtunza kumbukumbu.

Katika Kipolandi jina la ukoo hubadilika kwa kufuata jinsia ya mwenye jina. Kaka akiitwa Kowalski, dada yake huitwa Kowalska. Karani Mwingereza asiyelijua jambo hili huweza kuwafanya ndugu wawili kuwa watu wa koo mbili, au, akilijua nusu, kuwalazimisha wote kuwa Kowalski. Tena jina hubadilika kwa kufuata kazi yake katika sentensi: barua iliyoandikwa kwa bwana Kowalski humtaja kwa umbo la Kowalskiego au Kowalskiemu, na kaburi la familia nzima huandikwa kwa umbo la Kowalskich. Sisi tuliozoea jina kukaa lilivyo, na viambishi kwenda kwenye kitenzi, tutaona ajabu. Lakini mtu anayenakili majina kutoka katika barua za zamani bila kulijua hilo huzalisha mababu ambao hawakupata kuishi duniani.

Juu ya hayo kuna matatizo ya herufi. Jina Władysław, lile la Jenerali Sikorski, lina herufi ł ambayo husikika kama w yetu, na herufi w ambayo husikika kama v. Katika orodha za Kiingereza huwa Wladyslaw, katika hati za Kirusi huwa Vladislav. Mtu mmoja aliyepitia mikono ya makarani wa mataifa matatu huacha nyuma yake majina matatu, na mtafutaji asipokuwa mwangalifu atadhani anatafuta watu watatu.

Hata hivyo lugha yenyewe hutoa pia dawa. Desturi ya Warusi ni kuandika jina la baba pamoja na jina la mtu, nazo hati za waliohamishwa zilifuata desturi hiyo. Kwa hiyo orodha ya walioteswa iliyotengenezwa na kituo cha KARTA cha Warsaw kutokana na hati hizo hutaja jina, jina la baba na mwaka wa kuzaliwa. Kwetu jambo hili halihitaji maelezo marefu, maana ndilo neno letu bin. Waskoti nao wanalo katika lugha yao ya Kigaeli: Mac ni mwana wa, na kwa binti husemwa Nic. Wapolandi hukumbuka upande wa mke kwa maneno z domu, maana yake kutoka nyumba ya, hutangulia jina la ukoo alikozaliwa mwanamke aliyeolewa. Aliyelelewa pwani akisikia watu wakiulizwa wao ni wa nyumba gani ataelewa mara moja. Maneno hayo mawili juu ya jiwe au nyuma ya picha yana thamani kuliko ukurasa mzima wa sifa za marehemu.

Vita vilipokwisha, wengi wao hawakuwa na kwao pa kurudi. Miji kama Lwów na Wilno ilikuwa imekwisha tolewa Polandi na kutiwa katika Urusi ya Kisovyeti. Leo Lwów ni Lviv ya Ukraine, na Wilno ni Vilnius, mji mkuu wa Lithuania. Mwaka 1947 kambi zilichukuliwa na Shirika la Kimataifa la Wakimbizi, na kazi ya kuwagawa watu ikaanza. Waliokuwa na waume, baba au kaka katika majeshi ya Wapolandi yaliyokuwa chini ya Waingereza walikwenda Uingereza. Baadhi ya askari hao walikuwa wamekaa Uskoti tangu 1940, wakilinda pwani ya Fife na Angus, na wengine walibaki huko. Mwezi wa Februari 1950 meli General Langfitt, iliyopakia abiria Mombasa, ilishusha Wapolandi zaidi ya 1,100 kutoka kambi za Afrika ya Mashariki katika bandari ya Fremantle, Australia.

Habari ya mayatima ndiyo inayoonyesha kwamba nasaba si mchezo wa wazee wenye nafasi. Mwaka 1949 kundi la watoto wa Tengeru lilipelekwa Italia, kisha Ujerumani, na zaidi ya 120 wakafika Kanada mwezi wa Septemba, wakiwa na padre Lucjan Królikowski, Mfransisko, kwa ufadhili wa Askofu Mkuu Joseph Charbonneau wa Montreal. Serikali ya kikomunisti ya Warsaw ilipiga kelele kwamba watoto wake wameibwa. Ukiyaondoa maneno ya siasa, ugomvi wote ulikuwa juu ya swali moja: mtoto huyu ni wa nani, na je, yuko jamaa yake aliye hai? Jibu liliamua atakulia nchi gani na kwa lugha gani. Królikowski aliyaandika mambo hayo baadaye katika kitabu. Alifariki mwaka 2019, umri wake umetimia miaka mia.

Basi, tuseme yuko mtu Fife ambaye bibi yake alitoka Tengeru mwaka 1948. Upande wa babu yake Mskoti hana shida kubwa. Uandikishaji wa serikali wa vizazi, ndoa na vifo ulianza Uskoti tarehe 1 Januari, 1855, na vyeti vya mwaka ule wa kwanza vina habari nyingi kuliko vya miaka iliyofuata. Lakini hata huko daftari humwacha mtu gatini: halisemi ndugu aliyepanda meli alikwenda kuzaa nani Kanada au New Zealand. Jibu liko kwa mjukuu wa huyo aliyehama. Upande wa bibi Mpolandi hali ni hiyo hiyo, ila imezidi. Orodha ya abiria iko Kew karibu na London. Hati za Shirika la Wakimbizi ziko Bad Arolsen, Ujerumani. Karatasi za serikali ya Polandi iliyokuwa uhamishoni ziko katika Taasisi ya Sikorski, London. Picha ya darasa la Tengeru yenye majina nyuma yake huenda imo sandukuni mwa mtu wa Perth, nayo ni Perth ya Australia, si ile ya Uskoti. Anayeitunza anamtafuta shangazi yake tu. Majina mengine ishirini hana haja nayo. Mmoja katika hao ishirini ndiye bibi wa mtu wa Fife.

Ndiyo sababu watafutaji hawa wameunda desturi ya kusomeana hati na kupigiana picha za makaburi. Desturi hii ina hatari yake. Kosa la mmoja hunakiliwa na kumi, na wale kumi hugeuka kuwa mashahidi. Wataalamu wa hadithi za Mtume walilijua jambo hili zamani, wakataka kila habari itajwe pamoja na mnyororo wa walioipokea. Sioni kwa nini nasaba za Tengeru zidaiwe kidogo kuliko hapo.

Uko ushahidi mmoja ambao hauko Kew wala Arolsen. Wameru ndio waliokuwa majirani wa kambi. Waliona Wazungu wakilima na kufua nguo zao wenyewe, jambo lisilokuwa la kawaida katika nchi ya walowezi. Nao hawakuwa wageni wa habari za kuhama: masimulizi ya koo kadhaa za Meru hutaja Usambara kuwa asili yao, ingawa Kirwa chenyewe kiko karibu sana na Kimachame. Na wakati Wapolandi walipokuwa wakitafutiwa nchi, mwezi wa Novemba 1951, Wameru wapatao 3,000 waliondolewa kwa nguvu Engare Nanyuki ili mashamba yapewe walowezi. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa, New York, kuwatetea.

Aliyekuwa mtoto wa miaka kumi mwaka 1948 amekwisha pita themanini. Atakayekwenda kumwuliza asianze na majina ya ukoo, kwa kuwa hayo hakuyasikia. Aulize Wapolandi waliitwaje kwa Kirwa, ni nani waliojifunza Kiswahili, ni watoto gani waliocheza na watoto wa Meru na waliitwa kwa jina gani. Ayaandike majina hayo kama yanavyotamkwa na msemaji, bila kuyasahihisha.