Riwaya ya Kila Mwezi

Machi 1836, huko London, Charles Dickens, kijana mwandishi wa habari za Bunge, alianza kutoa The Pickwick Papers kwa sehemu za kila mwezi, shilingi moja kila sehemu. Na ingawa wanunuzi walikuwa haba, na mchoraji wake, Robert Seymour, alijiua kabla ya sehemu ya pili kutoka, Dickens alipomwingiza hadithini mtumishi Sam Weller, hodari wa maneno, bahati ikageuka, hata nakala zikafikia kama 40,000. Ila kazi hii ya kila mwezi, nami hilo naliona zito kuliko sifa zake zote, haimwachii mwandishi wasaa wa kuhuzunika bila wasomaji kukosa chao: Mei 1837 shemeji yake Mary Hogarth, mwenye miaka 17, alimfia mikononi, kalamu ikamshinda, na Juni wasomaji hawakupata sehemu yao.