Akiba Haiozi? Mvua, Mahindi na Sera ya Uchumi katika Uwanda wa Moiben

Makala haya yanakusudia kuchunguza jinsi mabadiliko ya ghafla ya hali ya hewa yalivyoipima sera ya uchumi ya Kenya, tukiyatazama kutoka Moiben, katika uwanda wa Uasin Gishu, karibu na Eldoret.

Kwanza yatupasa kufafanua istilahi. Mtu wa pwani huugawa mwaka kwa masika na vuli; akikosa mvua za msimu mmoja, huutumaini wa pili. Moiben, ambako nchi imeinuka kupita meta 2,000, msimu wa mahindi ni mmoja tu: hupandwa Machi au Aprili, na huvunwa kuanzia Oktoba. Basi neno "ukame" lina uzito mwingine huko, kwani akosaye mvua amekosa mwaka mzima.

Sera haikuuzingatia uzito huo daima. Katikati ya miaka ya 1970 mavuno yalikuwa mema. Maghala yakajaa, bei aliyolipwa mkulima ikapunguzwa, na mahindi yakauzwa ng'ambo. Mvua zilipopungua mwishoni mwa mwongo huo, nchi iliyokuwa ikiuza ikawa inanunua. Mwaka 1980 ulikuwa wa uhaba. Hapo ndipo ulipotolewa Waraka wa Bunge Namba 4 wa 1981 kuhusu sera ya chakula. Mwaka 1984 ukame ulirudi kwa ukali zaidi, lakini safari hii Serikali iliagiza nafaka mapema, na njaa kubwa ikaepukwa. Ni dhahiri kwamba uhaba hausababishwi na mbingu peke yake.

Wahenga walisema akiba haiozi. Hata hivyo, alijuaye ghala la mahindi anajua kuwa dumuzi huyapekecha na ukungu huyaharibu. Akiba, kwa hiyo, ni gharama, na swali la uchumi ni nani aibebe. Tangu biashara ya mahindi ilipofunguliwa mwaka 1993, sehemu kubwa ya mzigo huo imemwangukia mkulima, ambaye aghalabu huuza punde tu baada ya kuvuna, bei ikiwa chini, ili alipe karo na madeni ya mbolea.

Leo majira hayatabiriki kama zamani. Sharti gharama ya akiba ihesabiwe katika miaka ya neema, wala isiachiwe mkulima wa Moiben peke yake.